Siku, Ngwe au Nusu kwa Nusu: Namna Tatu za Kulipa Kazi ya Mikorosho

Ekari tano za mikorosho Newala, Tandahimba au Ruangwa, kusini mwa Tanzania, ni kazi ya watu zaidi ya mmoja. Kati ya Mei na Desemba shamba hilo linataka palizi, kupuliziwa salfa, kuokotwa, kuanikwa na mzigo kufikishwa ghalani. Namna za kuwalipa watu wa kazi hizo ni tatu: ujira wa siku, ujira wa kazi iliyopimwa, yaani ngwe kwenye palizi na debe au kilo kwenye kuokota, na nusu kwa nusu, mtu analitunza shamba msimu mzima, kisha mnagawana mauzo.

Wengi wanachagua kwa mazoea, jirani analipa hivi na mimi nalipa hivi. Ila namna ya kulipa ndiyo inayoamua kilo ngapi zitapanda kwenye mizani ya AMCOS, yaani chama cha ushirika cha mazao, na nani atabeba hasara msimu ukiharibika. Ushauri wetu tunautoa mapema: lipa kwa kipimo pale unapoweza kuuona ubora wa kazi jioni ile ile. Lipa kwa siku pale ubora unapojificha. Gawana mauzo pale kazi ni ya miezi mingi, lakini usimwachie hasara yote mtu asiye na akiba.

Wachumi wamepima nini

Utafiti unaotajwa sana ni wa Edward Lazear, uliochapishwa mwaka 2000. Kampuni ya Safelite Glass ya Marekani, inayofunga vioo vya magari, iliacha kulipa kwa saa ikaanza kulipa kwa kila kioo. Idadi ya vioo kwa mfanyakazi ilipanda kwa asilimia 44. Karibu nusu ya ongezeko hilo ilitokana na watu wale wale kuongeza kasi. Kingine kikubwa kilichochangia ni kwamba wenye kasi walivutiwa kuja na kubaki. Malipo ya mfanyakazi yalipanda kwa takriban asilimia 10. Ziweke 44 na 10 pamoja uziangalie: tija inaweza kupanda sana huku sehemu ndogo tu ikiingia mfukoni mwa aliyeifanya kazi.

Safelite ilikuwa na kanuni mbili ambazo watu huziruka wanaposimulia habari hii. Aliyefunga vioo vichache hakushuka chini ya ujira wa saa uliowekwa kama dhamana. Na kioo kilichofungwa vibaya kikavunjika, aliyekifunga alirudia kazi kwa muda wake mwenyewe. Ukichukua malipo ya kipimo ukaziacha kanuni hizo mbili, umechukua kitu kingine kabisa.

Oriana Bandiera, Iwan Barankay na Imran Rasul walipima kwenye shamba la matunda Uingereza, wakachapisha mwaka 2005. Mwanzo wachumaji walilipwa kwa kulinganishwa na wenzao, hivyo mmoja akichuma sana, malipo ya wengine yanashuka. Shamba lilipohamia bei ya kila kilo, tija ilipanda kwa angalau asilimia 50. Sababu ni ya kibinadamu: chini ya utaratibu wa kwanza, waliokuwa wakichuma pamoja na marafiki zao walijizuia ili wasiwaumize. Kwa hiyo ukiwa na vibarua wa kijiji kimoja, ndugu na majirani, usiwashindanishe kwa kumpa zawadi mmoja aliyewazidi wenzake. Watakubaliana kwenda pole, na hutaweza kuwalaumu.

Palizi: ngwe inashinda, ukiipima sawasawa

Mikorosho iliyopandwa mita 12 kwa 12 inatoa miti 28 hivi kwa ekari. Ekari moja ya mraba ina upande wa mita 64 hivi, kwa hiyo nafasi kati ya mistari miwili ya miti, mita 12 kwa 64, ni ngwe iliyokwisha kupimwa na miti yenyewe. Ekari inatoa ngwe tano na kipande. Ekari tano zinatoa kama 27. Huna haja ya kamba wala ya kubishana.

Linganisha kwa bei za mfano. Tuseme siku ni Sh 8,000 na kibarua wa siku anamaliza ngwe moja. Ngwe 27 zitakula Sh 216,000. Ukilipa Sh 7,000 kwa ngwe, shamba lote ni Sh 189,000, na kijana anayemaliza ngwe tatu kwa siku mbili anaondoka na Sh 10,500 kwa siku. Mwenye shamba amepunguza gharama na kijana ameongeza kipato, wote kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu ngwe imedumu.

Sasa mtazame mama mwenye umri ambaye anamaliza robo tatu ya ngwe. Anapata Sh 5,250. Amri ya kima cha chini iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka Sh 140,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wa kilimo, na ukigawa kwa siku 26 unapata Sh 5,384. Viwango hivi hupitiwa upya, kwa hiyo ulizia kilichopo sasa ofisi ya kazi ya mkoa kabla ya kupanga bei. Kwa bei hii ya ngwe, huyu mama yuko chini ya kiwango kile hata kabla hajanunua maji. Malipo ya kipimo yanapanua pengo baina ya mwenye nguvu na asiye nazo. Lazear naye aliona malipo yakitawanyika zaidi baada ya mfumo kubadilika. Kwa upande mwingine, pale penye mazoea ya kumpa mwanamke ujira mdogo wa siku kuliko mwanaume, ngwe inaliondoa pengo hilo, kwa kuwa bei haiangalii aliyeshika jembe. Njia ya kupata yote mawili ni ile ya Safelite: bei ya ngwe, na dhamana ya siku chini yake kwa aliyefanya kazi saa zote.

Kuna jambo la mwili pia. Andrew Foster na Mark Rosenzweig walifuatilia vibarua wa mashambani Ufilipino, wakachapisha mwaka 1994: waliolipwa kwa kipimo walipungua uzito wa mwili kuliko walipolipwa kwa muda. Mtu anajituma kuliko anavyokula. Anayelipa kwa ngwe na kutoa uji wa saa nne asubuhi hafanyi hisani, analinda kazi ya kesho.

Yanayoharibika ni haya. Kibarua mwenye haraka hukata majani juu akaacha mizizi, na baada ya mvua moja shamba linasimama upya. Hukwepa chini ya mti penye vichaka, ambapo ndipo korosho zitakapoangukia. Pita kila ngwe jioni, sukuma majani kwa mguu: yaliyong'oka yanateleza, yaliyokatwa yanakataa. Asiyemaliza vizuri anarudia pale pale, kisha analipwa. Kosa la mwenye shamba ni moja, nalo ni kubwa: kuona kijana anamaliza ngwe mbili kwa siku, halafu wiki inayofuata akashusha bei. Atakayeshusha bei ya mwenye kasi atakuta wote wanamaliza ngwe moja kwa siku mpaka msimu unaisha. Bei ikishatangazwa, iache hadi palizi iishe.

Salfa: hapa lipa kwa asubuhi

Hii ndiyo kazi inayopoteza fedha nyingi kwa namna mbaya ya kulipa, kwa hiyo tuikalie.

Salfa ya unga inapulizwa dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa unaoshambulia majani machanga na maua. Kiwango kilichozoeleka ni robo kilo kwa mti mkubwa kwa kila raundi. Miti 140 ya ekari tano inataka kilo 35 kwa raundi. Raundi tano ni kilo 175, yaani mifuko saba ya kilo 25. Inapulizwa alfajiri, majani yakiwa na umande na upepo umetulia, ili unga ushike. Upepo ukianza, unachopuliza kinakwenda kwa jirani.

Mlipe mpulizaji kwa mti, atakimbia: chini ya mti patakuwa pa njano, kileleni hakuna kitu, na ataendelea saa nne upepo ukivuma kwa sababu kila mti ni fedha. Mlipe kwa mfuko, atamaliza mfuko. Kilo 25 zinatosha miti 100, naye ataumalizia kwenye miti 70, au nusu yake itaondoka shambani. Katika hali zote mbili wewe hujui lolote siku ile. Utajua baada ya wiki kadhaa, maua yakishakuwa na unga mweupe na kukauka, na wakati huo huwezi kusema kama ni mpulizaji, ni umande, ni ukungu wa asubuhi au ni raundi iliyochelewa.

Bengt Holmström na Paul Milgrom waliliweka hili kinadharia mwaka 1991: kazi ikiwa na sehemu inayohesabika na sehemu isiyohesabika, ukilipa kwa nguvu ile inayohesabika, juhudi yote inahamia huko. Miti inahesabika. Unga uliofika kileleni hauhesabiki.

Kwa hiyo mpulizaji alipwe kwa asubuhi. Si kwa siku nzima, kwa sababu kazi yenyewe inachukua muda wa saa tatu hivi, na ukimlipa siku atajiona anadaiwa saa zilizobaki na kuzitumia kupuliza kwenye upepo. Panga bei ya asubuhi moja, sema wazi kwamba upepo ukianza mashine inazimwa na malipo ni yale yale. Mwanzo itakuuma kulipa miti 60 kwa bei uliyotarajia iwe miti 80. Fanya hesabu ya salfa iliyopotea na maua yaliyoungua, maumivu yataisha.

Usimamizi unaofaa ni wa vitu viwili. Hesabu salfa: pima unayotoa, pima inayorudi, gawanya kwa miti, jibu likaribie robo kilo. Na pita saa tatu asubuhi ile ile ukiangalia pande nne za miti michache uliyoichagua mwenyewe. Unga wa njano unaonekana kwenye majani ya juu, au hauonekani. Barakoa na miwani ya mpulizaji ni juu yako, maana asiyeweza kufungua macho hapulizi kileleni. Ukimpata anayefanya vizuri, mwahidi raundi zote tano tangu mwanzo. Ahadi ya kazi inayofuata inamfunga kuliko bei yoyote ya mti.

Kuokota: kilo, lakini pamoja na turubai

Hapa kipimo kinarudi kuwa na maana, kwa sababu ubora unauona mkononi. Kibarua wa siku anaokota taratibu na kwa usafi. Wa debe anaokota mara mbili yake, na ndani ya debe utakuta bibo lililoganda, mchanga, na korosho changa zilizoangushwa kwa fimbo. Korosho yenye nyama ya bibo inaingia ukungu na madoa, changa haina kitu ndani, na zote zinakuvuta daraja la pili.

Tandika turubai, mwaga mbele ya aliyeokota, mchambue pamoja. Bei kamili kwa safi, nusu bei kwa yenye kasoro, na changa hailipwi kabisa. Ukilipa kwa debe, pima debe lako kwenye mizani mara kadhaa ujue linabeba kilo ngapi, kwa maana debe la kurundika na debe la kusawazisha si kitu kimoja, na ugomvi mwingi wa Oktoba unaanzia hapo. Pima siku ile ile. Wengine wanasubiri zikauke ndipo walipe. Hiyo ni kumbebesha mwokotaji uzito wa maji ambayo hawezi kuyazuia. Weka bei inayozingatia kwamba ni mbichi, halafu kukauka kuwe juu yako.

Bei haiwezi kubaki moja. Tuseme Oktoba mtu anajaza madebe manne kwa Sh 2,000, anapata Sh 8,000. Desemba korosho zimebaki moja moja, anajaza mawili, anapata Sh 4,000 kwa mwendo mrefu zaidi. Ataacha kuja, na zilizobaki zitalowa na mvua. Kwenye shamba lile la Uingereza bei ya kilo ilipangwa kila siku kufuatana na hali ya sehemu ya kuchuma. Fanya hivyo: pandisha debe mpaka Sh 3,500 mwishoni, au hamia ujira wa siku. Kupandisha bei kwa sababu kazi imekuwa ngumu hakuvunji ahadi. Kushusha kwa sababu mtu amekuwa hodari ndiko kunakovunja.

Nusu kwa nusu: tija nzuri, hatari iliyolala

Anayeishi Dar es Salaam au mwenye umri mkubwa hawezi kupita ngwe kila jioni. Kwake mgao una mantiki: mtunzaji anapata kulingana na kilo, kwa hiyo anapuliza kileleni bila kusimamiwa.

Swali ni mgao upi. Nchini Uganda, Konrad Burchardi, Selim Gulesci, Benedetta Lerva na Munshi Sulaiman walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2019. Wakulima wote walikubali kubaki na nusu ya mazao. Kisha kwa bahati nasibu baadhi wakapewa robo tatu. Waliopata robo tatu waliweka pembejeo zaidi na kuvuna asilimia 60 zaidi. Wengine waliobaki na nusu wakaongezewa fedha taslimu hawakuonyesha ongezeko kama hilo, maana yake kilichosukuma ni mgao wenyewe.

Kabla ya kukimbilia robo tatu, piga hesabu kwa upande wa mwenye shamba. Mavuno ya 100 kwa nusu yanampa 50. Mavuno ya 160 kwa robo yanampa 40. Shamba limezaa zaidi, mtunzaji amepanda kutoka 50 hadi 120, na mwenye shamba amepungukiwa 10. Hii ndiyo sababu nusu kwa nusu haiondoki hata inapopunguza mavuno: mwenye ardhi hana faida ya kuiacha, labda mtunzaji amfidie kwa kiasi maalum cha fedha, ambacho hana. Kumbuka pia kwamba jaribio lilikuwa la mazao ya msimu. Mkorosho umeshapandwa, nafasi ya juhudi ni ndogo kidogo, kwa hiyo usitarajie asilimia 60.

Hatari yenyewe iko kwenye mwaka mbaya. Chukua miti 140, kilo 10 kila mti, Sh 2,000 kwa kilo baada ya makato: Sh 2,800,000, nusu yake Sh 1,400,000. Kwa siku 90 za kazi ni zaidi ya Sh 15,500 kwa siku. Mwaka mbaya: kilo 500 kwa Sh 1,500 ni Sh 750,000, nusu ni Sh 375,000, sawa na Sh 4,167 kwa siku. Mwenye shamba mwenye mshahara au duka atauvuka mwaka huo. Kwa mtunzaji, hicho ndicho chakula chake chote.

Tunapendelea mgao wenye dhamana. Mpe mtunzaji asilimia 45, na mwahidi kwamba hatapata chini ya siku 90 kwa Sh 5,384, kile kiwango cha amri ya 2023, yaani Sh 484,560. Mwaka mzuri anapata Sh 1,260,000, nawe umebaki na Sh 140,000 zaidi ya nusu. Mwaka mbaya unatoa Sh 109,560 zaidi ya nusu ili kufikisha dhamana. Mwaka mzuri unalipia mbaya.

Hili lina manufaa ya moja kwa moja kwako. Fedha za korosho kwa stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa kuuza mzigo ukiwa ghalani, zinakuja baada ya mnada, na minada inaanza Oktoba. Mtunzaji anaanza kazi Mei. Asipokuwa na posho katikati, atauza kangomba usiku, yaani kwa walanguzi nje ya mfumo rasmi, na zitakazouzwa ni korosho zako pamoja na zake. Mpe posho kila mwezi, iandikwe kama sehemu ya ile dhamana, ikatwe mwishoni.

Kwenye makubaliano andikeni haya: mgao ni wa fedha zilizoingia benki baada ya makato, si wa bei ya mnada, nani analipa usafiri na nani analipa waokotaji, na salfa inatoka wapi. Pembejeo za ruzuku zinatoka kwa jina la mkulima aliyesajiliwa, kwa hiyo mtunzaji hawezi kuzichukua bila wewe, na zikichelewa kwa uzembe wako, dhamana ibaki palepale. Mwenyekiti wa kitongoji ashuhudie, nakala mbili.

Na kukodisha je?

Kukodisha mikorosho kwa msimu kunampa aliyeikodi kila kilo ya ziada, hivyo ataokota mpaka ya mwisho. Ila hatapogolea matawi makavu wala kung'oa mti mgonjwa, kwa sababu faida yake inakuja mwakani akiwa hayupo. Na mwenye shamba anayekodisha Aprili, shida ikiwa imembana, anauza kwa bei ya shida. Kama hakuna njia nyingine, kodisha kwa misimu mitatu badala ya mmoja, malipo yawe kila Novemba, na kupogolea kila mwaka kuwe sharti lenye idadi ya miti.